Kadi Bado Inasema Petroli

Baba aliinunua ikiwa nyeupe,
pikapu ya petroli, yenye sauti ya mtu
anayesafisha koo kabla ya kuomba mkopo.
Ilibeba asali ya Ipole, mapipa manne manne,
na kila safari ya Tabora mjini
yenyewe ikanywa pipa la tano.
Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya ushirika,
nikaikunja, nikaikunjua, nikaipiga tena.
Hesabu haikuona haya.

Ndipo nikampata Ndaki, gereji ya Isevya,
mfupi, kucha nyeusi tangu ujana,
mwenye injini ya dizeli chini ya turubai,
iliyotoka kwenye haisi iliyolala ubavu huko Nzega.
"Silinda nne, hazijaguswa."
Akaipiga kofi, kama dalali wa ng'ombe mnadani.

Nikasema: kwa hiyo tunaipa moyo mpya.
Akanitazama.
"Moyo hauna mauntingi. Hii inazo,
na hazikai kwenye chesisi yako.
Lete elfu themanini nikachomelee."

Siku tatu pikapu ilikaa mdomo wazi.
Magogo matatu, mnyororo,
injini ya baba ikapanda polepole,
ikaning'inia, ikadondosha oili mchangani,
tone,
halafu tone,
na vijana wa gereji wakanyamaza
bila mtu kuwaambia.

Plagi nne nikazitia mfukoni.
"Huku hazina kazi," alisema Ndaki.
"Dizeli haiwashwi kwa cheche.
Inaibana hewa, inaibana,
mpaka hewa yenyewe ishike moto."
Nikamfikiria mama,
miaka kumi na minne katika nyumba ya mashemeji,
na siku ile aliyosema neno moja tu
tukahama usiku huohuo.

Giaboksi ilikataa. Propela shafti ikakatwa vidole vinne.
Tangi tulilisuuza mara tatu, harufu ikabaki
kama deni la mtu aliyehama mtaa.
Na injini mpya ilikuwa nzito: pua ikainama,
tukaongeza jani la springi,
pua ikanyanyuka, si sana.

Kuiwasha ikawa ugomvi. Upepo kwenye njia ya mafuta.
Fungua nati za nozeli, piga selfu, funga,
fungua, piga, betri inalegea,
kisha ikakohoa moshi mweusi
juu ya shuka mbili za jirani Kalunde,
aliyezianua akitutaja
mpaka kwa majina ya babu zetu.
Ndaki alicheka mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Nilifika Sikonge saa nne za usiku.
Mbwa, ambaye huja mbio kuramba taa,
alinibwekea kama mkusanya ushuru.
Lango halikufunguka.
Miaka yote mama alilifungua
tangu gari likiwa kwenye kona ya msikiti.
"Nani?"
Mimi.
"Mimi nani? Gari la nyumba hii nalijua."
Nikazima. Nikakaa humo ndani,
bodi ikiendelea kutetemeka kidogo,
mfukoni nikiwa na chenji ya mafuta,
chenji, kwa mara ya kwanza,
na sikujua nimwonyeshe nani.

Sasa kifuniko cha tangi nimekiandika DIZELI
kwa rangi ya kucha ya dada yangu,
maana vijana wa kituo wana haraka.
Injini ya zamani iko nyuma ya jiko;
mnunuzi wa chuma chakavu alitaja bei ya kilo,
mama akamwambia kuna kuku anaatamia.
Ni kweli, kuku yupo.
Lakini alikuja wiki moja baadaye.
Siku hizi gari likipiga kona
mama husimama, husikiliza,
halafu huenda kufungua,
akichelewa kidogo.

Leo niko ofisi ya mapato na kadi mkononi.
Kadi bado inasema petroli,
na namba ya injini ambayo kuku anailalia.
Karani amenipa fomu.
Sababu ya kubadili, na mstari mmoja, mfupi.
Nimeandika: mafuta.