Mita Mia Nne

Mezani, Tabora mjini, feni ikisaga joto lile lile,
nilichora duara kuzunguka kila kisima.
Mita mia nne: ndivyo sera inavyotaka.
Aliye ndani ana maji. Aliye nje hana.
Kompyuta haikubishana.
Tabaka la visima juu ya tabaka la kaya,
nikabofya, na Goweko yote ikawa bluu
isipokuwa nyumba sitini na moja, nyekundu,
kama upele mgongoni.

Nyumba ya Kashindye ilikuwa bluu.
Nukta yake, mita mia tatu na tisini.
"Amefikiwa," nikaandika.

Machi nikaenda kuhakiki.
Nikamkuta anakunja ngata.
"Twende," akasema, "ukakione hicho kisima changu."
Kisima kilionekana tangu mlangoni,
mpini wa pampu unang'aa ng'ambo ya mbuga.
Na mbuga imejaa,
udongo mweusi unaomeza kiatu na kudai mguu.
Akaipa pampu mgongo.
Tukapita kwa Nkwabi, nyuma ya mabani ya tumbaku,
tukafuata reli, tukavuka kalavati,
na jipiesi mfukoni ikahesabu hatua zake moja moja
kama mdai.
Kilomita mbili na mita mia sita.
Kwenda tu.

Mstari mnyoofu nilioupima
ni wa mwewe, na mwewe habebi ndoo.

Nimerudi mezani. Nimeongeza tabaka la mbuga,
tabaka la masika, tabaka la njia za miguu
ambazo setilaiti huziona
kama nywele zilizoanguka kwenye karatasi.
Nimeiamuru kompyuta ipime upya, kwa nyayo.
Nyekundu imetambaa. Nyumba mia moja arobaini na tatu.
Bwana Sizya anauliza
inakuwaje maji yapungue bila kisima kuharibika,
na ripoti ya mwaka jana aliisaini yeye.
Sijapata jibu linaloenea kwenye jedwali.

Siku ile, kabla sijaondoka,
Kashindye aliomba kuona alipo.
Nikamwonesha nukta kwenye simu.
Akaitazama kitambo. Akaona tone la tope juu ya kioo,
akalipangusa kwa kidole gumba,
na ramani ikateleza: nyumba, mbuga, reli,
vyote vikakimbilia ukingoni,
akabaki ameshika msitu wa Sikonge.
"Huku," akauliza, "kuna maji?"