Swali la Tisa

Nina miaka hamsini na minane, na leseni yangu
inaisha mwezi wa tatu. Nimepungukiwa alama kumi na mbili.
Ndiyo maana nimeketi hapa Naryn, ghorofa ya pili ya hoteli
yenye zulia linalonuka kondoo aliyelowa,
kitambulisho kimening'inia shingoni kama cha mtoto wa shule.
Jina wamelikosea: mimi Anarkul, wameandika Anargul.
Nimeliacha hivyo.

Mkufunzi katoka Bishkek. Burulcha,
rika la binti yangu, viatu vyembamba visivyoijua barafu.
Anatugawia dodoso la maswali tisa.
Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi
umekosa hamu, umekosa usingizi, umejiona bure?
Namnong'oneza jirani yangu:
huku kwetu, baridi ya miezi sita, nani atapata sifuri?
Tunacheka.
Swali la tisa nalipita kwa jicho moja,
kama mtu apitaye mbele ya nyumba anayodaiwa.

"Liulizeni lilivyo," anasema, "msilivishe nguo.
Kuuliza hakumpi mtu wazo asilokuwa nalo.
Kisha nyamazeni. Hesabuni hadi kumi kimoyomoyo."
Mtu wa nyuma anauliza chai ni saa ngapi.

Halafu igizo, wawili wawili.
Mimi nimeangukiwa kuwa mgonjwa. Daktari wangu ni Nurdin
wa Kochkor, kijana, masikio mekundu,
karatasi inamtetemeka mkononi.
"Una tatizo gani?" anasoma.
Nami ambaye sikuandaa chochote nasema:
"Kifua. Kama mtu kakikalia."

Maneno haya si yangu.
Ni ya Kalmurat, dereva wa greda la theluji njia ya Dolon.
Alinijia mara tatu vuli ile. Mara tatu nikampima moyo,
mara tatu nikamwonyesha mistari, vilima vidogo vilivyopangana.
"Moyo mzima kama wa farasi," nikamwambia,
nikampigapiga begani.
Akashukuru. Alikuwa mtu wa kushukuru.
Mara ya nne alikuja mkewe,
na alichokitaka kwangu kilikuwa saini tu.

Nurdin kafika la tisa. Sauti inamkatika katikati.
"Umewahi kufikiri... kwamba afadhali ufe?"

Moja. Mbili. Bomba la joto linagugumia ukutani.
Tano. Naiona kofia ya Kalmurat mikononi mwake,
akiizungusha, akiizungusha,
na mimi nimeinamia meza naandika.
Nane.
"Ndiyo," nasema.
Miaka kumi na mmoja neno dogo hili limengoja
aje mtu aliulizie.

Burulcha hakupiga makofi.
Alinisogezea glasi ya maji, akaitazama saa yake,
akawaambia wengine waendelee.

Jumatatu nimerudi zahanatini, cheti kiko mkobani,
chini ya mkate.
Anaingia Gulsunai, muuza viatu vya sufu pale sokoni.
Kichwa, anasema. Kichwa, kama kila mwaka.
Mkono wangu umeshaanza kuandika vidonge;
unaijua njia, kama punda anayerudi zizini.
Nikausimamisha. Nikaweka kalamu chini,
jambo ambalo sikumbuki kulifanya mbele ya mgonjwa
tangu nivae koti hili.

Nikauliza la kwanza. La pili. La usingizi alilijibu haraka mno.
La tisa liliponitoka lilikuwa na kigugumizi cha Nurdin,
limekatika palepale alipolikata yeye.

Akacheka. "Daktari! Nimechoka tu. Nani hachoki?"
Akakaza leso kichwani, akasimama,
akashika kitasa.

Moja, nikahesabu. Mbili.
Foleni inakohoa huko koridoni.
Sita.
Kitasa hakijazunguka.