Marinda

Viliwasili viwili, vimefungwa gazeti
ndani ya kikapu cha papa mkavu.
Dada yangu Zaituni, katoka navyo Malindi,
akaniambia, "Pokea, ila si kwa kiganja."
Mwenye nyumba kule Casuarina ameuza,
mnunuzi hataki miiba karibu na bwawa lake;
Karisa mtunza bustani akaliangusha dungusi kwa msumeno,
nguzo nzima, ndefu kuliko lango,
akaokoa vipande viwili, shubiri mbili kila kimoja.

Nilitaka kuvipanda siku ile ile.
Karisa akanipigia simu: "Fundi, subiri.
Vilaze kivulini. Kidonda kikauke kwanza,
kikishafanya gamba ndipo ukipe udongo."
Nikavilaza rafuni, kati ya jora la kanzu na jora la bitana,
siku kumi na nne,
kila asubuhi nikigusa mkato
kama mtu anayepima pasi kwa kidole chenye mate.

Mchanga wa ufuoni, hapana: una chumvi.
Nilichekecha kokoto, nikatia samadi ya punda
iliyozeeka hadi ikasahau harufu yake
(Langoni hatukosi samadi, tunakosa pa kukanyaga),
nikatoboa madebe ya samli matundu saba saba,
nikayapandisha darini.

Kimoja kilikufa kwa huruma.
Mkwe wangu, Bi Mwanakombo,
hawezi kupita penye kitu kikavu akanyamaza.
Maji ya udhu yaliyobaki birikani
alikimiminia, mara tano kwa siku,
hadi kikalainika kama boga lililosahauliwa,
kikalala ubavu, kikanuka.
Nilipomfokea aliniuliza, "Kwani kiu si kiu?"
Sikuwa na jibu. Nikaficha birika.

Cha pili kilishika.
Mimi, mtu wa sindano tangu utotoni,
nimevaa subana nikachomwa vilevile
na sindano zisizoshona chochote.
Lakini nayajua marinda nikiyaona.
Kaskazi ikikausha kila kitu
dungusi hujikunja, mbavu zikaingia ndani,
kidole gumba kikazama kati ya pindo na pindo;
ikinyesha masika hujiachia polepole
kama gauni la mjamzito ninaloliongezea upana
bila kuuliza ni mwezi wa ngapi.

Kila mwezi ninaligeuza debe robo,
lisije likainama kulifuata jua.
Kila Ramadhani ninalipima kwa futi:
inchi tatu, inchi saba, moja tu mwaka ule wa ugonjwa,
kisha likaja begani, kisha likanipita.
Kusi ilipotaka kuling'oa
nililifunga kwenye nguzo ya makuti
kwa utepe wa pamba, si kamba; kamba hukata.

Jirani Famau alilalamika.
Usiku, akiwa darini kwake,
anaona mwanamume amesimama kwangu, kimya,
anachungulia ua wa watu.
Nikamwapia: mtu huyo hana macho.
Akasema, "Wasio na macho ndio wanaoona zaidi."
Miaka miwili tukasalimiana kwa kikohozi.

Sikuliona chipukizi. Lilikuwa upande wake.
Usiku mmoja baada ya isha, umeme umekatika,
nasikia sauti ng'ambo ya ukuta:
"Fundi! Huyo mtu wako amevaa nini usiku huu?"

Nikapanda mbio. Ua jeupe, pana kama sahani,
limetoka ubavuni bila kikonyo cha maana,
na nondo wawili wameshafika kabla yangu.
Famau kaegemea ukuta wake, mimi wangu.
Hatukuzungumza. Mara akasema,
"Shingo imekaa vizuri," kana kwamba nimeishona mimi.

Adhana ya alfajiri ililikuta limefumba,
linaning'inia kama leso iliyokamuliwa.
Bi Mwanakombo alikuwa amekwisha panda.
Birika alilipata wapi, sijui.
Alisimama kando ya debe, hakumimina,
akanitazama.

"Kidogo," nikamwambia.