Dawa ya Panya

Ninauza dawa ya panya kwenye lango la Marikiti,
upande wa magunia ya viazi.
Tunaiita dawa. Sijui nani alianza utani huo.
Haijamponya yeyote,
mimi imeninenepesha tu.

Chupa ni hamsini, ya unga thelathini.
Juu ya kibao nimefunga panya wawili waliokauka,
mikia chini,
kama cheti cha daktari ukutani.

Biashara hii ilianzia Kayole, mwezi wa Julai,
mwaka ambao machimbo ya mawe yalifika kwenye mizizi ya mkuyu.
Ndani ya mkuyu aliishi bundi,
uso mweupe, sahani iliyooshwa ikasahauliwa nje.
Hakuwa na deni la mtu.
Lakini alilia usiku wa Jumanne,
na Alhamisi akafa Mama Syombua,
aliyekuwa akikohoa tangu Pasaka.
Kikohozi kile kila mpangaji alikijua.
Hakuna aliyekitupia jiwe.

Bundi walimtoa mchana, jua likimpofusha.
Makokha, mlinzi wa ploti, alisimama kando, kofia mkononi.
"Mnafukuza askari," alisema, "mtalala na wezi."
Wakamcheka: askari anamtetea mwenzake!
Makinda watatu walianguka pamoja na tawi.
Mmoja aligonga mdomo wake, tak, tak, tak,
mpaka jioni.
Nilikuwa hapo. Nilishika jiwe.
Sisemi kama nililirusha.

Mkuyu ukawa kuni, kuni zikapika chapati,
shimo likajazwa taka,
na juu ya taka tukajengewa ghorofa saba.

Panya hawakuja kwa fujo.
Walikuja kama wageni wa matanga:
mmoja, wawili,
kisha unakuta hakuna pa kukaa.
Walikula sabuni. Walikula waya wa stima,
tukakaa gizani siku nne.
Walikula daftari la sayansi la binti yangu Ndunge,
ukurasa ule wenye mishale:
nyasi, panzi, chura, nyoka, mwewe.
Walianza na mwewe, wakashuka.
Asubuhi mtoto aliniletea kilichobaki,
nyasi na nusu ya panzi,
akaniuliza mwalimu atamwambiaje.

Ndipo nikapata kazi.

Panya akiila hafi papo hapo.
Ana siku tatu, nne, za kutembea kama mlevi wa mwisho wa mwezi,
katikati ya njia, jua kali, bila kumwogopa mtu.
Mwewe wa Dandora humwona kutoka juu kabisa.
Hushuka. Nani hukataa chakula kisichokimbia?
Paka wa buchani naye vivyo hivyo.
Nimewahi kuokota mwewe juu ya bati la kibanda changu,
damu mdomoni, macho wazi,
akinitazama kama mteja aliyepunjwa.
Nikamfunga kwa gazeti. Nikanawa mikono. Nikafungua biashara.

Paka akiondoka panya hutawala, walisema wahenga.
Hawakusema nani anamwondoa,
wala kwa bei gani.

Juzi, saa tisa za usiku, upande wa mto,
nilisikia sauti ya kitambaa kinachopasuliwa.
Mara moja. Kisha tena.
Nilikaa kitandani, moyo ukinidunda kama wa mtu anayedaiwa.
Taa zikawaka ghorofa ya tatu, ya tano.
Mtu akakohoa. Mtu akauliza yuko wapi,
na mwingine, mwanamke, akasema, "Tafuteni mawe."
Makokha alisharudi Bungoma. Hapakuwa na wa kusema neno.
Niliweza kusema. Nilivaa kiatu kimoja,
nikatafuta cha pili chini ya kitanda, kati ya chupa,
nikatafuta muda mrefu
kuliko kiatu kinavyotafutwa.

Sikio la kufa halisikii dawa.
Langu linasikia:
darini, miguu midogo inakwenda na kurudi,
inakwenda na kurudi,
ikinihesabia mapato ya kesho.