Diski Mbili za Zihindula

Diski zilikuwa mbili, mchezo mmoja.
Ya Japani ina mvulana anayetabasamu kwenye jalada,
mkono juu, kama anayemwita rafiki ng'ambo ya barabara.
Ya Amerika, mvulana yule yule, amekunja nyusi
kama mtu aliyekatiwa maji kwa deni la jirani.

Zihindula, mwenye chumba, pale Kadutu chini ya soko,
aliipenda ya Amerika.
Humo walimpunguzia shujaa uhai, wakamwongezea adui mapanga;
unakufa upesi, unatoa faranga mia mbili nyingine.
"Hawa wanajua biashara," alisema,
akinyoosha noti zilizolowa jasho letu.

Sisi tulikuwa na hesabu zetu.
Kwenye ya Japani, mlevi wa darajani ameshika chupa.
Kwenye ya Amerika chupa imegeuka glasi ya maziwa,
tukacheka mpaka Murhula akamwaga karanga:
nani aliwahi kupepesuka hivyo kwa maziwa?
Na makaburini waling'oa misalaba,
yakabaki mawe, kama waliolala pale hawakuwa na kwao.
Hapo hatukucheka sana.

Lakini bibi wa mlango wa tatu!
Maandishi yake ya Kijapani yalishuka kiooni
kama sambaza wanaomwagwa kwenye beseni,
hatukumjua hata mmoja kwa jina.
Dada yangu Nabintu, mtoto mgongoni, akamsemea:
"Ulisha kula? Basi usivuke muto na njaa."
Miaka miwili bibi alisema hivyo,
nasi tulivuka tumeshiba.

Ilipokuja ya Amerika, mwalimu Baderha
akaegemea kizingiti, akatusomea kwa sauti ya darasani:
"Bonyeza kitufe cha pili ili kuruka."
Basi. Hakuna kingine.
Nabintu akamtazama yule bibi
kama unavyomtazama shangazi aliyekukana sokoni.

Umeme ukakatika. Hakuna aliyedai pesa yake.
Mvua ilikuwa ikipiga mabati,
na Murhula akauliza gizani: Wajapani wenyewe, je,
walimwandikia nini?

Nabintu alikuwa akikaza kitenge, mtoto ameteleza.
"Kitufe," akasema.
Kisha, baada ya kitambo:
"Ao chakula. Umeme ukirudi,
weka ile ingine, tumuulize."