Risasi ya Tano

Leseni ilisema: kulungu mmoja, dume.
Risasi tano. Nilizitilia saini kituo cha Makupa
mbele ya koplo aliyezihesabu kama mchele wa kukopesha.
Mimi karani wa ghala, Kilindini.
Wiki nzima nahesabu magunia ya kahawa,
Jumamosi navuka kwenda Mwakirunge na bunduki ya kuazima.

Nne zilikuwa zimeshakwenda.
Moja kwenye kopo la samli, kupima shabaha.
Mbili hewani, sitaki kuzieleza.
Ya nne
iliingia nyuma ya mbavu, kwenye utumbo,
kwa sababu yule alikuwa akitembea na mimi nilikuwa na haraka.
Tulifuata damu hadi ikawa matone,
matone yakawa tone,
tone likawa jani tu, lililozaliwa jekundu.
Siku ya tatu, kunguru ndio waliotuonyesha.

Sasa huyu hapa, ukingoni mwa mikorosho,
sikio la kushoto lina pengo,
la kulia linageuka peke yake kutafuta sauti.
Nyamawi nyuma yangu, pumzi yake shingoni:
"Piga."

Ananitazama. Kifua tu, na kijiti mbele ya kifua.
Siyo.
Anainama kula. Nyuma yake, juu ya paa la makuti, moshi:
kuna mtu anachemsha chai pale.
Siyo.
Anasogea hatua mbili, na kilima kinakuja nyuma yake, udongo mtupu,
bega linafunguka kama mlango uliosahauliwa komeo.
Hapo. Nyuma ya mguu wa mbele,
kiganja kimoja juu ya kiwiko.
Bismillahi nimeshaisema mara tatu,
ulimi uko tayari tangu alfajiri.
Ni hii ncha ya mtutu, inapanda na kushuka
na moyo wangu.
"Piga, bwana!"
Nikangoja moyo utue.
Ulipotua, palibaki mikorosho.

Nyamawi hakugomba. Alikung'uta suruali, akasema:
"Huruma yako haina mchuzi."
Njia nzima nilikuwa na majibu, mazuri,
yote ya mtu ambaye mshahara wake haukosi mwisho wa mwezi.

Jumatano akaja mpaka mlangoni kwangu, Kuze,
na paja limefungwa kwa jani la mgomba.
"Yule yule," akasema. "Wa pengo."
Mwanasiti akauliza, kama anavyouliza kila nyama:
"Kachinja nani?"
"Waya."
Kisha, hakuna aliyemuuliza:
"Usiku kucha. Nilimsikia nikiwa kitandani."

Paja halikuingia jikoni. Halikutupwa pia.
Aliondoka nalo kwapani, na nauli niliyompa
akaihesabu mbele yangu, polepole,
sarafu kwa sarafu.

Ijumaa, baada ya sala, nikairudisha kituoni.
Koplo akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.
"Hii ilikataa kulia?"
"Haikupigwa."
Akaandika: moja, imerudi, nzima.
Chini ya fomu palikuwa na mstari mtupu, wa maelezo.
Akanisogezea kalamu.

Nilisimama nayo
mpaka mtu wa nyuma yangu akakohoa.