Maagizo kwa Mwendwa, Kuhusu Karanga

Basi la Dodoma linapita Kibaigwa alfajiri,
kwa hiyo nakwambia usiku huu, na andika.

Mbwa huyu hali makombo ya pilau ya wapakiaji.
Ugali wa uwele, dagaa wa kuchemsha bila chumvi;
kipimo ni kile kikombe cha bati kilichobonyea.
Akimaliza atakutazama kama yatima.
Usimwamini.
Teria akinenepa, panya wa jirani wanahamia kwetu.

Asubuhi mpekue kupe:
nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole.
Mimi hutumia ncha za vidole. Wewe una macho, tumia vyote.
Mafuta ya taa hapana, yanamuunguza.
Manyoya yake ni magumu, brashi ya chokaa,
na hayakatwi kwa mkasi:
yaliyokufa yanyonyoe machache machache
kama mtu anayepukuchua hindi bila haraka.

Atachimba. Usimpige.
Wazee wake huko ughaibuni waliingizwa mashimoni
kumfuata mbweha gizani, peke yao,
na aliye juu alibaki kusikiliza udongo ukibweka.
Mpe kona ile ya nyuma ya ghala, achimbe mpaka achoke.
Hachoki.

Jina? Alilitoa babu yako, dereva wa trekta kule Kongwa.
Bibi wa bibi wa bibi yake alishuka garimoshini
na Wazungu waliokuja kulima karanga.
Karanga zilikataa. Ardhi ilikauka ikawa kigae,
matrekta yakalala, bwana shamba akafunga sanduku.
Mbwa akakubali.
Akapata mume, koko mmoja wa Mlali, akazaa vichakani,
na tangu hapo kila uzao una jike mmoja aitwaye Karanga.
Damu imechujwa mara ishirini.
Ndevu zimebaki. Ukaidi haukupungua hata tone.

Watakuuliza, mbwa mfupi hivi analinda nini?
Mwaka juzi aliingia chini ya chaga za mahindi
tukamsikia huko tangu mchana hadi taa zinawashwa.
Alitoka kinyumenyume, pua imepasuka,
akiburuta panya buku mzito kama mtoto mchanga.
Akamweka juu ya kiatu changu.
Waambie hivyo, au usiwaambie kitu.

Bwana mifugo Chilewa hupita siku ya gulio
na boksi lake la barafu. Ni mwaka wa chanjo ya kichaa.
Kadi iko ndani ya Biblia, kwenye Ayubu.

Na hili usiwaambie mawakala.
Miaka mitatu sasa mizani naisoma kwa kidole.
Toka nyumbani hadi ghalani nafuata kengele ya shingoni mwake:
ikinyamaza, kuna lori, nasimama;
akikoroma, basi ni yule jamaa wa lumbesa
anayenijazia gunia huku akiniita baba.
Watu husema, mzee Mchiwa ana jicho kali kwa wezi.
Nami nanyamaza, nalipwa sifa za mbwa.

Wanasema ni mweupe, na doa la hudhurungi usoni.
Mimi sijui. Nilimpokea akienea kiganjani
na ukungu ulikuwa umekwisha kuniingia.
Namjua kwa joto, kwa kucha juu ya sakafu,
kwa harufu ya magunia mvua inapokaribia.

Jumamosi watanifungua bandeji. Jumapili nipo hapa.
Usimwogeshe kunipokea.
Nataka kumwona na vumbi lake,
na pua yenye kovu, na tope la kona yake ya nyuma.

Ila kengele usiivue bado.
Macho mapya huenda hayaijui njia.